Mjomba, mume wangu anataka kutengeneza injini kwanza ndo tuuze, mimi nataka iondoke tu

SWALI

Mjomba shikamoo, pole na majukumu. Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu Tanga ila tupo huku Grand Rapids, Michigan, mwaka wa kumi na moja sasa. Naomba usicheke lakini nina mke mwenza, na mke mwenza wangu ni gari.

Ilikuwa 2017, Baba Salma akaniaga anaenda kuangalia friji la mtumba, jioni nasikia muungurumo nje nachungulia dirishani naona lori la kuvuta magari limebeba ligari refuuu la bluu iliyoiva hadi inakaribia nyeusi, na yeye kakaa mbele na dereva anatabasamu kama bwana harusi. Ni Pontiac GTO ya mwaka 1965, ile ya kufunua paa, manyuo gia nne. Alinunua kwa mzee jirani yetu aliyekuwa anahamia Florida, dola 8,000. Friji mpaka leo sijaliona.

Sisemi uongo, miaka miwili ya kwanza nilikuwa naipenda. Alitupeleka nayo Grand Haven ziwani, paa chini, watoto nywele zinapepea, kila tukisimama kwenye taa watu wanatupungia mikono utadhani sisi ni masultani. Alafu 2019 ikaanza kugonga. Mwanzo tik tik tik, baadaye ikawa ngo ngo ngo chini kabisa kama mtu anaomba hodi kwa nyundo, na ikipata moto ndo inazidi na sindano ya oili inalala. Ikaingia gereji haijatoka tena. Turubai la juu lilikuwa jeupe, sa hivi limechanika kama kanga ya jikoni, kwenye siti ya nyuma panya walishazaa wakalea. Na kila jumamosi asubuhi bwana huyu anaiwasha dakika kumi ati isilale sana, moshi unajaa mpaka jikoni, jirani wa pili alishakuja kulalamika.

Sasa Tanga tuna msingi wetu pale Pongwe umeota majani mpaka watu wanachungia mbuzi, nikamwambia baba, uza hii tumalizie nyumba. Akakubali, ila anasema hawezi kuuza gari imekufa, lazima injini ijengwe kwanza ndo ipate bei. Tukaita fundi mmoja kijana, kaiwasha kaisikiliza kasema injini imekwisha, kuijenga upya ni dola 9,500, au kwa 7,000 atatuwekea injini ya kisasa ya Chevrolet na hii ya zamani ataondoka nayo mwenyewe tusihangaike kuitupa. Alafu akaangalia kile kibati cha namba kwenye nguzo ya mlango wa dereva akatikisa kichwa, akasema tena hii hata siyo GTO, GTO za ukweli namba zinaanzia 242 na hii yenu inaanzia 237, ni Pontiac LeMans ya kawaida imebandikwa nembo, ila kwa sababu sisi ni watu wazuri anaweza kutupa 12,000 taslimu aichukue hivyo hivyo. Mjomba, Baba Salma alikosa usingizi siku mbili, si kwa hela, kwa aibu, manake rafiki zake wote anawaambia ni GTO.

Basi mimi kimyakimya nikaiweka kwenye mtandao dola 27,000. Kesho yake mtu akaniandikia hajauliza hata swali moja, kasema anaitaka, atatuma cheki ya benki ya 31,000, hiyo 4,000 ya juu nimtumie dereva wake wa kusafirisha. Kiswahili chetu kinasema mgeni njoo mwenyeji apone, ila roho imenisita.

Na shemeji yangu wa Dar anasema tusiuze, tuipakie kwenye kontena tumpelekee ataitengeneza iwe ya maharusi, tutagawana.

Mawili ya mwisho. Taitoli ya gari, ile hati ya umiliki, bado ina jina la yule mzee, alitusainia nyuma lakini hatukuwahi kwenda kubadilisha, mambo yakawa mengi. Na mzee alituachia boksi zito sana la vyuma liko chini ya ngazi, kuna vidude vitatu vinafanana na libomba moja limekaa kama pweza, vina mafuta mafuta, nataka nivipeleke kwa wanunua chuma chakavu manake pale ndo nataka kuweka cherehani yangu. Baba Salma naye havijui, anasema gari ilikuja na kabureta yake. Nimekutumia picha za gari, za boksi na za injini kwa mbele, alipangusa na brashi ya waya kidogo yakatokea maandishi, mimi naona WS.

Nishauri mjomba, tutengeneze au tuuze?

Mama Salma, Grand Rapids

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kabla ya neno lingine lolote, lile boksi USILIGUSE. Usilipeleke kokote, usimpe mtu, na yule fundi kijana asilione. Cherehani kaiweke sebuleni.

Sasa kaa chini nikuhadithie, na Baba Salma muite asikilize maana hii ya kwanza ni yake.

Huyo fundi ama hajui ama anajua sana. Namba 242 kuwa mwanzo wa GTO ni kweli, ila kuanzia mwaka 1966. GTO ilipozaliwa 1964 haikuwa gari inayojitegemea, ilikuwa ni nyongeza unalipia chini kidogo ya dola 300 juu ya Pontiac LeMans. Na ilikuwa hivyo kwa ujanja: wakubwa wa General Motors, kampuni mama ya Pontiac, walikuwa wameweka sheria kwamba magari ya saizi ile yasipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330, sasa pale Pontiac wahandisi kina John DeLorean na wenzake Bill Collins na Russ Gee wakaona kama tukiita gari mpya itabidi tukaombe ruhusa na tutanyimwa, lakini kitu cha nyongeza hakiombewi ruhusa, wakachomeka injini ya 389, hiyo ni kama lita 6.4, ndani ya gari ya saizi ya kati wakaiuza. Watu wakazigombania na wakubwa wakanyamaza. Kwa hiyo GTO zote za 1964 na 1965 kwenye hati ni LeMans. Ya kwenu ya 1965 kuanzia 237 ndivyo inavyotakiwa iwe, ingeanzia 242 ndo ningekwambia kimbia. Na tena nimevuta ile picha ya kibati, baada ya 237 inafuata 67, hiyo maana yake imetoka kiwandani ikiwa ya kufunua paa, siyo watu wameikata paa kwa msumeno, halafu 5 ni mwaka, halafu P ni kiwanda cha mji wa Pontiac wenyewe, hapo hapo Michigan. Gari imezaliwa mwendo wa saa mbili na nusu kutoka gereji yenu. Mwambie Baba Salma alale.

Ila na mimi nisimpe uhakika ambao sina. Kwa sababu namba ya 237 inabebwa na LeMans zote, kweli kuna watu wengi wamechukua LeMans wakabandika nembo, na kwa kuangalia namba tu huwezi kutofautisha. Kinachotofautisha ni karatasi. Kuna watu wanaitwa PHS, Pontiac Historic Services, ndo wenye kumbukumbu za kiwanda, unawatumia namba ya gari na ada yao, wanakuletea nakala ya ankara ya gari lako ilivyotoka siku ile, rangi gani, gia gani, injini gani, kama ililipiwa GTO au haikulipiwa. Ada yenyewe ni hela ya kwenda kula nje na watoto mara moja. Pontiac yenyewe ilishakufa, General Motors waliifunga 2010, lakini karatasi zipo. Agizeni leo. Mpaka karatasi ije hamuuzi, hamshushi bei, hamumruhusu mtu hata kuipiga spana.

Sasa boksi. Vile vidude vitatu vinavyofanana ni kabureta za Rochester, na lile pweza ndo manifoldi yake, bomba la kugawia silinda hewa na mafuta. Vyote kwa pamoja vinaitwa Tri-Power. Mwaka 1965 GTO ya kawaida ilikuja na kabureta moja ya midomo minne, nguvu za farasi 335, na anayetaka zaidi aliongeza hela akapewa kabureta tatu, farasi 360. Herufi WS ulizoziona ubavu wa abiria mbele ya injini, chini ya silinda hedi, ndo alama ya injini ya Tri-Power kwa gari ya manyuo. Ingekuwa WT ni ya kabureta moja. Unaona picha inavyojichora? Inaelekea kuna mtu zamani alichoka kulinganisha kabureta tatu, maana kweli zinasumbua, akazitoa akafunga moja ambayo ndo Baba Salma anaijua, zile akazitia kwenye boksi, na yule mzee Mungu ambariki hakuzitupa. Seti kamili kama hiyo peke yake watu wanainunua kwa zaidi ya dola elfu moja, tena kwa kugombania. Wewe ulitaka kuuza kwa kilo.

Kuhusu uhaba: mwaka 1965 walitoka GTO 75,352, za kufunua paa zilikuwa 11,311 tu, na zenye Tri-Power ukichanganya bodi zote ni 20,547. Sasa chukua ya kufunua paa, yenye Tri-Power, manyuo, injini ile ile, toa zilizooza kwa chumvi ya barabarani ya hapo Michigan miaka zaidi ya sitini, zinabaki za kuhesabu. Na mtu kaja kukuambia niachie injini nikutupie. Akuombaye chuma cha bure ana mahali pa kukipeleka.

Ndo maana nasema injini msitengeneze. Najua Baba Salma hapa atanuna, na hoja yake siyo ya kijinga, gari inayowaka inauzika haraka kuliko inayolala, kama tatizo lingekuwa pampu ya mafuta au plagi ningemwambia tengeneza leo. Lakini kugonga kwa chini kunakozidi ikipata moto na oili inashuka, hizo ni beringi za krenkshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zinaomba msaada, na hapo ni kushusha injini nzima. Hiyo 9,500 ni bei ya kabla hajafungua. Injini ikishafunguliwa inazaa: krenkshafti imechimbika, silinda za bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, zinataka kutanuliwa, hedi zina ufa, na mkishaishusha mtaambiwa klachi nayo mbadilishe maana ndo nafasi, na rejeta, na tenki limejaa kutu. Mtafika 14,000 na mke mwenza bado yupo gereji. Halafu mnunuzi wa magari haya ni mtu wa ajabu kidogo, haamini injini iliyojengwa na fundi asiyemjua, anataka aijenge mwenyewe kwa fundi wake, kwa hiyo hela yenu hairudi yote, pengine hairudi nusu. Anachokilipia yeye ni bodi, karatasi, na ile bloku yenye WS.

Na ile bloku ndo mnaiua kila jumamosi. Nilivyosoma hapo nilishika kichwa. Injini inayogonga chini ukiiwasha unasaga chuma kwa chuma, siku moja konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inakatika inatoka nje kwa ubavu, inatoboa tundu unaloweza kupitisha ngumi, na hapo hakuna fundi wala hela itakayoirudisha bloku ya kiwandani. Mwambie aache. Chomoa waya wa betri, ufunguo kaa nao wewe, ufiche kwenye kopo la mchele kama ni lazima. Video za huko nyuma bila shaka mnazo, chagueni moja ambayo kugonga kunasikika vizuri, hiyo ndo mtamuonyesha mnunuzi.

Ndiyo, mtamuonyesha. Msifiche hata kidogo. Watu wetu tuna tabia ya kusema "inahitaji matengenezo madogo madogo", huku mnunuzi akisikia hivyo anajua anadanganywa anaondoa elfu tano kichwani kabla hajafika. Tafuteni fundi mwingine, mzee mzee aliyezoea injini hizi, siyo yule, mumlipe saa zake mbili tatu aje hapo hapo nyumbani apime mgandamizo wa silinda zote nane, na hiyo anaweza kuzungusha kwa stata bila kuiwasha. Silinda dhaifu kuliko zote ikifika walau asilimia 75 ya iliyo kali, mnunuzi anapumua. Apasue na chujio la oili aangalie ndani, aliweke kwenye kitambaa cheupe mpige picha, vumbi la rangi ya shaba linasema beringi zinakwisha, vipande vya nailoni vinasema gia ya taimingi, manake injini nyingi za Marekani za zama zile zilikuja kufungwa gia yenye meno ya nailoni, yakichoka yanavunjika yanaanguka chini yanaziba chujio la pampu ya oili. Aandike yote kwenye karatasi, hata kama ni mabaya. Karatasi mbaya yenye ukweli inauza kuliko maneno mazuri.

Zaidi ya hapo hela yenu ipelekeni kwenye ufagio. Toeni kiota cha panya, osheni, tairi zijazwe upepo isukumike, breki zishike angalau iweze kupandishwa kwenye lori. Turubai liacheni lilivyo. Halafu picha, nyingi, mpaka mchoke, na zile ambazo mngependa kuficha ndo mpige zaidi: inueni zulia muonyeshe sakafu, ingieni chini na tochi mpige chesisi yote, ndani ya buti, chini ya milango. Gari za kufunua paa za aina hii chesisi yake ni boksi lililofungwa pande zote, maji na chumvi vikiingia ndani havitoki, mnunuzi anayejua ataanzia hapo kabla hajaangalia injini. Chukueni nyundo ndogo mgonge taratibu, sauti ikiwa nzito ni chuma, ikiwa kama unagonga kopo la maziwa ni kutu. Andikeni popote palipo na kutu.

Taitoli sasa. Umeiandika kama jambo dogo mwishoni, mwanangu hilo ndo kubwa kuliko injini. Mnauza kitu ambacho kisheria ni cha mtu aliyeko Florida. Michigan inataka mtu abadilishe jina ndani ya siku 15, nyie mnakaribia muongo. Nendeni ofisi ya Secretary of State, ndo inayoshughulikia hati za magari, na ile taitoli aliyosaini, mtalipa kodi ya asilimia 6 ya bei mliyonunulia au ya thamani ya gari siku ile, iliyo kubwa kati ya hizo, kwa ile 8,000 ni dola 480, na faini ya kuchelewa, mkubali mkalipe bila kubishana. Na kabla hamjaenda mpigieni simu yule mzee msalimie, kama aliyesaini bado yupo hai ni bahati, karatasi ikionekana ina kasoro anaweza kuandika nyingine. Akishaondoka duniani mtaanza kutafutana na watoto wake ambao wakisikia bei watakumbuka ghafla kwamba baba alikuwa ameiazima tu. Na huyo mzee muulizeni zaidi: aliinunua kwa nani, lini, ana picha za zamani, ana risiti? Vitu hivyo vina bei.

Yule wa cheki ya 31,000 mfute. Mchezo wake ni wa zamani: cheki inakuja ina muhuri na rangi zote, unaiweka, benki inakuonyesha hela ipo manake sheria inawataka wakupe upesi kabla hawajahakikisha, unamtumia "dereva" 4,000 zako, wiki mbili tatu baadaye benki wanagundua cheki ni bandia wanazitoa zote kwenye akaunti yako, na zile 4,000 zimeshaenda. Mtu wa kweli anayenunua Pontiac ya 1965 anauliza maswali mpaka unachoka, anataka picha ya WS, anataka kujua kama eksozi manifoldi zina ufa. Asiyeuliza kitu hanunui gari. Malipo pokeeni kwa uhamisho wa benki, au mkutane ndani ya benki yake mkione cheki kinaandikwa.

Shemeji mwambie nampenda lakini hapana. Kuisafirisha gari isiyowaka, TRA wakupige na ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, usukani kushoto, halafu mafundi wa Gerezani ni hodari naapa wanaweza kujenga treni kwa bati, lakini pistoni za 389 wataagiza huku huku mlikoitoa. Na neno "tutagawana" kwa vitu vya ndugu wewe na mimi tunalijua.

Bei. 12,000 hapana. Hiyo 27,000 yako uliyoiweka kwa kubahatisha siyo mbaya, ila kaitoeni mtandaoni mpaka PHS wajibu. Fungueni Bring a Trailer, mnada wa magari wa mtandaoni, pale bei zilizouzika zinabaki wazi, tafuteni GTO za 1965 za kufunua paa, angalieni zilizouzwa siyo zinazoombwa, na mlinganishe na jedwali la Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya zamani, ambalo linapanga magari kwa daraja 1 hadi 4, ya kwenu ni chini ya 4 kwa vile haitembei. Karatasi ikija inasema Tri-Power na manyuo, mimi kwa picha hizi nisingefungua mdomo chini ya 30,000 na nisingekubali chini ya 25,000. Ikija inasema ni LeMans ya kawaida, basi ni LeMans nzuri ya kufunua paa yenye injini ya GTO na boksi la dhahabu chini ya ngazi, andikeni hivyo hivyo, bei inashuka lakini bado si ya yule kijana. Na msiuze kabureta pembeni ya gari, vyote viende pamoja.

Pa kuuzia: Hemmings, soko la matangazo ya magari ya zamani, Bring a Trailer, na matangazo ya vyama vya wapenzi wenyewe, kuna GTO Association of America na Pontiac-Oakland Club International, huko ndo kuna wazee ambao wakisikia WS wanaamka kitandani. Msishangae pia akiandika Msweden, wale watu wana ugonjwa na magari ya Kimarekani ya zamani. Uzeni kabla theluji haijaanza, nani anafikiria gari isiyo na paa mwezi wa kumi na mbili. Na kama mpaka Agosti haijaondoka, jumamosi ya tatu ya mwezi huo kuna Woodward Dream Cruise kule vitongoji vya Detroit, barabara ya Woodward kuanzia Ferndale mpaka mji wa Pontiac inajaa magari ya hivi, ni barabara ile ile ambayo vijana wa zamani walikuwa wanashindania hizi GTO usiku. Nendeni na bango na picha, gari ibaki nyumbani. Baba Salma aende na shati safi.

Siku ya kuuza muandikiane karatasi kwamba inauzwa kama ilivyo, injini inagonga, mtoe pleti yenu maana Michigan pleti ni ya mwenye gari siyo ya gari, na muende pamoja na mnunuzi Secretary of State jina libadilike mnaona kwa macho.

Nina ombi moja kwa Baba Salma. Mama Salma aliposema Grand Haven na watoto na paa chini, zile picha zitafuteni muweke mbili kwenye tangazo. Mnunuzi anapenda kuona gari iliwahi kuwa na furaha. Na PHS wakijibu nitumieni nakala, nataka nijue kama hiyo bluu ni ya kiwandani.